Printa ya Dada wa Kharumwa

Dada yangu alikuwa na studio ya picha mjini Kharumwa. Printa yake ilikuwa ya mtumba, lakini ilitoa rangi nzito ambazo wadada wa machimboni walizipenda mno. Mimi natengeneza kompyuta Kahama, kwa hiyo kila kitu kikigoma alinipigia mimi.

Siku moja akapiga akilalamika. Kompyuta imejisasisha yenyewe na printa haitambuliki tena. Nikapanda basi. Nilipokagua nikaona tatizo liko kwenye draiva, ile programu inayounganisha printa na kompyuta. Ilikuwa ya kizamani, na ilitaka kuingia moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kiini cha mfumo. Toleo jipya la mfumo, lenye ulinzi mkali, liliikatalia.

"Si uzime tu huo ulinzi?" dada akasema. "Jumamosi nina harusi ya kupiga picha."

"Naweza. Ila kiini ndicho kinachoendesha kila kitu humu. Kirusi kikipitia hapo, kinasoma nywila zako na mafaili yote, na huenda usijue."

Kwenye kompyuta hiyohiyo aliwajazia watu maombi ya ajira na vyeti vya kuzaliwa.

"Vitambulisho vya watu vyote vimo humu," akasema. "Basi, acha."

Nilitafuta draiva mpya, nikaambulia patupu. Watengenezaji walishaachana na printa ile. Nikamletea kompyuta kuukuu yenye mfumo wa zamani ulioikubali draiva ile, isiyounganishwa na intaneti, awe anahamishia picha kwa flashi. Harusi ile ikachapishwa, na nyingine kadhaa. Kisha umeme ukarudi kwa kishindo baada ya kukatika, kompyuta ikaungua. Sikupata nyingine ya kukubaliana na printa ile.

Mwishowe dada aliiuza printa kama spea, akaacha kazi ya picha. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Juzijuzi nilikuwa kwake akaingia mama mmoja na mtoto aliyevalishwa gauni jipya.

"Shikamoo dada. Picha mnapiga bado?"

"Marahaba. Siku hizi hapana, mama. Jaribu Kahama."

"Kahama mbali," yule mama akasema. Akamvua mtoto lile gauni ili lisichafuke, akalikunja, akambeba mgongoni.

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma, akaondoka.

Dada alisimama mlangoni akimtazama mpaka akapotea. Nilitamani kusema neno. Ningeulizwa leo kuhusu ule ulinzi, bado nisingeuzima. Lakini sikuona namna ya kumwambia hivyo wakati ule.