Habari Iliyopakwa Kijani Tupu

Chumba kina vitanda viwili, dirisha moja, na mabinti wawili wasioweza kujifunza kwa namna moja. Mkubwa ni mpwa wangu, wanamwita Bi Rangi. Huyo haelewi jambo mpaka alipake rangi. Kijani ni kwa maneno anayoyakubali, nyekundu kwa anayoyatilia shaka, bluu kwa majina. Akimaliza, ukurasa unafanana na pazia la saluni.

Wa pili ni binti wa mama yake mdogo, aliyeletwa nyumbani ili wasome chuo kimoja. Darasani haandiki neno. Anaegemeza kidevu mkononi, anafumba macho, ungedhani amekuja kupumzika. Jioni anatembea katikati ya vitanda akirudia somo zima, pamoja na kikohozi cha mwalimu. Bi Rangi ndiye aliyembandika jina la Kasuku, kwa ubaya. Mwenyewe akalipenda, na sasa chuo kizima kinamwita hivyo kwa mapenzi. Hata tusi likimgusa yule mtoto hugeuka pambo!

Hilo lilimchoma Bi Rangi, ila matokeo ya mitihani yalimchoma zaidi. Yeye atokwe jasho na kalamu, mwenzake afumbe macho, kisha wapate alama sawasawa?

"Huyu mtoto ana kichwa chepesi," mama yake alisema siku moja, akikunja nguo.

"Na changu, mama, kina zege?"

"Nani kakutaja wewe?"

Hapo ndipo palipouma. Hakutajwa.

Sasa, kila likizo gazeti la mjini huchukua mwanafunzi mmoja wa darasa la habari, akakae na waandishi ajionee kazi. Bi Rangi aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Alikuwa akizunguka njia ndefu kusudi tu apite chini ya dirisha lao, awaone wale watu wenye simu begani na chai iliyopoa mezani. Anayechagua ni Mwalimu Miwani, na mwalimu huyo ana utaratibu wake. Kila mmoja alete habari moja. Aisome kwa sauti mbele ya wenzake, kuanzia kichwa cha habari hadi nukta ya mwisho, kabla ya kusema lake lolote. Kisha ajibu maswali.

Bi Rangi alipekua mtandaoni, akakutana na kichwa kilichomfanya asimame kitini: "Wataalamu Wathibitisha: Wanaojifunza kwa Masikio Husahau Upesi."

Jamani! Ni kama imeandikwa na yeye. Alichapisha nakala mbili. Moja akaipaka rangi, ikawa kijani tupu kama uwanja wa mpira baada ya mvua. Ya pili akaibandika ukutani, juu ya mto wa Kasuku.

"Dada, hiki nini? Nisomee basi," Kasuku alisema.

"Macho unayo ya nini? Ya kupaka wanja?"

"Unajua mimi kitu kikipita sikioni ndiyo kinakaa."

"Wataalamu wanasema hakikai. Ndiyo maana nimekubandikia."

Kasuku akacheka, akajitupa kitandani. Kile kicheko nacho! Bi Rangi alitaka kumwona amenuna japo mara moja tu.

Siku ikafika. Bi Rangi alisimama mbele, akasoma kwa sauti tamu, na kila sentensi akimrushia Kasuku jicho. Mambo yakaenda vizuri, mpaka chini kabisa, kwenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Utaratibu ni utaratibu, ikabidi azisome nazo. "Tangazo hili limeletwa kwenu na watengenezaji wa..." Akaanza kukunja karatasi.

"Malizia," alisema Mwalimu Miwani.

"...wa kalamu za rangi."

Darasa lilicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

"Mstari huo uliupaka rangi gani?"

"Sikuupaka, mwalimu. Nilidhani ni anwani ya mwenye mtandao."

"Na hao wataalamu ni akina nani?"

"Ni... wataalamu."

Mimi shule niliiacha mapema, nami naililia mpaka leo, lakini hata mimi ningejua kwamba hapo mtu husema nimeteleza, akakaa. Bi Rangi alimwona Kasuku ameziba mdomo kwa kiganja, damu ikamchemka.

"Hata kama ni tangazo, jambo lenyewe ni kweli! Watu wa masikio husahau!"

"Watu gani?"

Akamtazama Kasuku. Darasa zima likamfuata kwa macho, kila mtu akaelewa.

Habari ya Kasuku ilikuwa ya paka aliyewaamsha wenye nyumba moto ulipowaka. Alisoma yote, na picha ya paka akaipitisha meza kwa meza. Wasichana wa nyuma wakaanza kupangusa macho. Bi Rangi alipoipokea picha, mkono ulikuwa juu kabla hajajua anauliza nini.

"Habari inasema nyumba iliteketea yote. Mbona paka amepigwa picha kesho yake kwenye sebule hiyo hiyo, na pazia ni jeupe? Na huyo jirani aliyeshuhudia, mbona hana jina? Wazima moto wamesema nini?"

Kasuku akaichukua picha, akaigeuza huku na huku.

"Kweli, dada. Sijui. Nilimpenda paka, nikaamini."

Mwalimu Miwani hakuzunguka. "Wote wawili mmedanganywa na mnachokipenda. Mmoja ameachia, mmoja bado amekamatia. Kasuku, utaanza Jumatatu."

Jumatatu asubuhi mama aliamuru Kasuku aazimwe viatu vyeusi vya Bi Rangi. Mwenyewe akavitoa huku akiomba vimbane mwenzake. Vikamkaa kama vimeshonewa yeye.

Siku nzima Bi Rangi aliranda nyumbani akijihoji. Pazia la yule paka aliliona bila kalamu yoyote. Aliliona kwa sababu hakutaka paka awe wa kweli. Ile ya kwake aliitaka iwe ya kweli, basi akawa kipofu mwenye kalamu tatu. Kumbe jicho lake kali linafanya kazi kwenye vitu vya watu tu! Wazo hilo halikumfariji hata kidogo.

Jioni alikuwa akiosha sufuria kwa kishindo Kasuku alipoingia, akavua viatu mlangoni.

"Dada, kuna mzee mmoja pale, nilipomwona nikakukumbuka wewe."

"Mimi nafanana na wazee sasa?"

"Sikiliza. Waandishi wakimaliza habari wanampelekea. Yeye haandiki kitu. Anauliza tu. Nani kasema? Ulimwona? Mbona hana jina? Wengine wanatoka pale wanataka kulia."

"Kazi yake ni hiyo tu?"

"Hiyo tu. Kutia shaka habari za wenzake kuanzia asubuhi hadi jioni. Na mshahara anapewa, na kiti cha kuzunguka."

Bi Rangi aliufunga mfereji. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimsahau Kasuku na viatu. Sasa moyo ulikuwa unamuuma kwa kumwonea wivu mzee ambaye hata hajawahi kumtia machoni.

"Huyo mzee," aliuliza, akijifuta mikono taratibu, "anastaafu lini?"