Mtani Hasemi Shikamoo

Bi Chausiku anauza kabichi na karoti sokoni Morogoro, na ulimi wake hata wapiga debe wanaupisha njia. Aliyewahi kumnyamazisha ni mmoja tu: Kondo, mtani wake wa huko juu Mgeta. Koo zao zinataniana tangu enzi za mabibi. Msiba ukitokea upande mmoja, mtani wa upande wa pili ana ruhusa ya kutukana, kuiba ubwabwa, hata kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Alipozikwa mume wa Chausiku, Kondo alivaa koti la marehemu akamwiga anavyoomba hela ya kahawa, na mjane akacheka huku machozi yanamtiririka. Hilo hajalisahau mpaka leo.

Sasa masika ya mwaka huu udongo ukaporomoka, ukafukia nyumba za kitongoji cha kina Kondo. Siku tatu simu yake haipatikani. Wanawake wa sokoni wakachanga laki nne na nusu za mablanketi, zikawekwa kwenye simu ya Chausiku. Shakila wa meza ya jirani, kwa nia njema kabisa, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Mgeta: mwenye habari za Kondo ampigie mtani wake Bi Chausiku, mchango uko tayari, namba hii hapa. Na kundi lenyewe halina mlango, kila mpita njia anaingia.

Asubuhi ya nne simu ikaita, namba ngeni.

"Shikamoo mama. Ni mimi Kondo."

Chausiku akaangusha kisu cha kukatia kabichi. Yu hai! Sauti ilikuwa imekwaruza, lakini nani asiyekwaruza akilala nje kwenye mvua? Akaelezwa kuwa simu imefukiwa, hii ni ya msamaria mmoja, jina litakalotokea ni Fidelis, asishtuke, atume upesi watoto wanatetemeka. Chausiku akaandika namba, akaandika kiasi. Ikabaki namba ya siri tu.

Hapo ile shikamoo ikamrudia kama mwiba uliobaki kooni. Kondo? Shikamoo? Miaka arobaini hajawahi kumwamkia, na wamezaliwa masika moja.

Akabonyeza sauti kubwa, wenzake wasikie. Akamwambia yule mtu kwamba ni mwizi wa kuku, mama yake alimwokota shambani kwenye njegere, na udongo umemkataa kwa harufu. Akangoja.

"Amina mama," ikajibu sauti kwa unyenyekevu. "Mungu akubariki."

Shakila akaziba mdomo kwa kanga. Chausiku, shetani ameshampanda, akamwambia pesa ipo tayari, ila mila ni mila: mtani awike kama jogoo mara tatu kwanza. Na yule bwana akawika. Mara ya tatu aliwika vizuri kweli, soko zima likaangua kicheko mpaka wauza nyanya wakasogea.

"Mtani wangu angeniambia niwike mwenyewe," Chausiku akasema, akakata. Akaiandika ile namba ili akairipoti kwa mtandao wa simu.

Wenzake walicheka mpaka mchana. Yeye alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Kama yule hakuwa Kondo, Kondo yuko wapi? Siku hiyo alipunja wateja wawili bila kukusudia na hakumjibu mtu vibaya, watu wakajua anaumwa.

Kesho yake simu ikaita tena, namba ngeni nyingine. Akapokea.

"We bibi kichwa boga, bado hujafa? Nimekaa kanisani na mguu umevunjika, nasubiri msiba wako nile pilau."

Akaketi juu ya gunia la karoti. Lakini aliyeng'atwa na nyoka... Akamwamuru awike.

"Wika wewe, mwenye shingo ya jogoo."

Chausiku akalia kwa sauti, hadharani, bila haya.

Pesa hakutuma hata senti. Alinunua mablanketi, akayapakia kwenye lori la Severin, lile linaloshusha mboga kutoka Mgeta na kupanda tupu. Juu yake akafunga jogoo mmoja, wa Kondo. Jioni ujumbe ukaja: jogoo kafika, amekonda kama mwenyewe.