Kitunguu Saumu cha Tharcisse

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. La, nakosea: tisini na mbili wenyeji waliwafukuza Wakasai wa Likasi. Wa Kolwezi ilikuwa tisini na tatu, Wakasai walipolala kituoni juu ya magodoro yao, wakingoja treni ambayo kila siku ilisemwa iko njiani.

Ngeleka, fundi umeme wa mgodini, alizaliwa Kolwezi hapo hapo. Lakini baba yake alitoka Kasai, na hiyo iliwatosha vijana wa mji kumfukuza. Kituo kilinuka: mavi kando ya reli, moshi, samaki waliooza. Na mkewe Tshibola alikuwa na uvimbe kwenye titi, ambao daktari aliahidi kuukata kabla haujaenea.

Ngeleka akamwendea Tharcisse, muuguzi wa daktari huyo, jirani yake wa siku nyingi katika mtaa wa Dilala.

"Docteur anakatala," Tharcisse akasema. "Akipasula Mukasai, batamuchomea nyumba. Lakini kamata hii, tata." Akamtolea vitunguu saumu. "Mi nilisoma mu gazeti. Unaponda, unaacha kidogo, maji yake inazuia seli za kansa kuzaana. Zingine zinakufa zenyewe."

"Zinakufia wapi?"

"Mu bichupa bya laboratoire, kule banapimia dawa."

"Na mu mwili ya muke yangu?"

Tharcisse akakung'uta koti lake jeupe. "Mubandikie tu."

Ngeleka hakuwa na kingine. Akaponda, akabandika, akafunga kitambaa. Kulipokucha ngozi ya titi ilikuwa imebabuka kama iliyomwagiwa maji ya moto, inachuruzika, na uvimbe uko palepale, mgumu vilevile. Waliolala karibu wakaikimbia harufu, wakasogeza mizigo yao, wakitema mate.

"Tuseme aksanti," Tshibola akasema, meno yameumana. "Sasa tuko na nafasi ya kunyoosha miguu. Hata nzi banakimbia."

Ngeleka akacheka, kisha akaenda nyuma ya ukuta akatapika.

Treni ilipofika, Tharcisse alikuja kuaga. Alipomkaribia Tshibola, akaziba pua kwa leso. Harufu ya dawa yake mwenyewe! Ngeleka akaitazama leso ile, safi, imepigwa pasi, akachukizwa nayo kuliko vijana waliomwita mdudu na kumtoa nyumbani kwake.

Behewa likaanza kwenda. Juu ya vichwa vya watu Ngeleka akapaza sauti, akauliza neno ambalo hakujibiwa siku ile, wala alipomzika Tshibola kule Mwene-Ditu, Kasai, wala baadaye:

"Tharcisse! Ingekuwa mama yako, ungemupatia kitunguu ao kisu?"