Usizimishe Mlio wa Injini kwa Redio

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Hata leo, na mvi hizi, nikisikia pikapu inapanda mlima huku injini inagonga, huacha ninalofanya nikasikiliza mpaka ipite. Keti nikusimulie, maana nimesikia nawe umepata gari la zamani, na nimesikia pia unachokitia kwenye tangi lake.

Nilikuwa kijana, nina pikapu ya petroli, nabeba maharage na abiria kati ya Isongole na Tunduma. Gari lilikuwa limechoka kabla halijafika mikononi mwangu, na lilikunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi. Dereva mmoja pale mpakani akaninong'oneza ujanja: changanya petroli na mafuta ya taa, litaenda tu. Na kweli likaenda. Nikajiona nimewazidi wenzangu akili. Rahisi huvunja upishi, lakini nani angeniambia?

Haukupita muda, injini ikaanza kugonga. Kwenye tambarare kimya. Nikishika mlima na mzigo, ka-ka-ka-ka, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Mzee Simbeye, fundi wa pale Mpemba, mtu mpole mwenye Kiswahili kilichokolea Kinyiha, aliusikia mlio huo nikipita mbele ya gereji yake. Akanipungia mkono nisimame.

"Kijana, umelinywesha nini gari hili?"

"Petroli, mzee."

Akainamia boneti, akasikiliza. "Petroli nzuri hailii hivyo. Humo ndani mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, yanaipiga pistoni kichwani kama nyundo. Siku ikitoboka, hutakuwa tambarare. Utakuwa mlimani."

"Nimekusikia, mzee," nikasema. Kisha nikaondoka nimepandisha sauti ya redio, nisiusikie ule mlio. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilidhani wahenga walisema ya binadamu tu.

Asubuhi moja ya ukungu, kaka yangu Lusekelo alikuja mbio, hana viatu. Mkewe, shemeji yangu Tumpe, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na nesi wa zahanati amesema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Vwawa upesi. Tukampakia Tumpe mbele, katikati yangu na mama yetu mzazi. Lusekelo akaruka nyuma kwenye bodi.

Mlima wa kutoka Isongole unaujua. Tulipoanza kuupanda injini ikaanza kulia. Nami nilikuwa na tabia ya kung'ang'ania gia kubwa, eti naokoa mafuta. Mlio ukazidi. Mama akanigeukia.

"Gari lako linalia nini, baba?"

"Ni uzee tu, mama."

Nilimdanganya mama yangu mzazi, mwanangu, huku najua. Kila kona nilijiambia, ivuke hii tu, Mungu wangu, hii tu. Tumpe hakuwa analia tena. Alikuwa ameng'ata kitenge chake, macho ameyafumba, na ule ukimya wake ulinitisha kuliko kelele zote.

Kwenye kona iliyo juu ya bonde, kitu kikapasuka ndani. Moshi mweupe ukatanda kwenye kioo. Injini ikazima, na gari likaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki. Ilikuwa ngumu kama jiwe, kwa sababu injini ikishazima breki haina tena msaada wake. Nikavuta breki ya mkono, ikaja yote bila kushika kitu. Kwenye kioo cha pembeni niliona ukungu tu, na chini ya ukungu ule nilijua kuna nini. Mama akamkumbatia Tumpe, akaanza kusali kwa Kindali. Nikakata usukani kuelekea upande wa mlima, na papo hapo nikasikia Lusekelo anapiga ukelele.

Alikuwa ameruka akasukuma jiwe chini ya tairi. Gari lilisimama. Lakini tairi lilikuwa limepanda jiwe pamoja na mkono wake wa kulia.

Lori la mahindi likatukuta pale, likawachukua wote watatu. Mimi nikabaki na gari bovu kutwa nzima, sijui kama shemeji yangu yu hai. Kila gari lililoshuka niliogopa kulisimamisha, nisije nikapewa jibu. Alasiri dereva wa lori akarudi, akaniambia Tumpe na mtoto wamepona. Lusekelo alipoteza vidole viwili.

Mzee Simbeye alipoifungua injini, akaniwekea ile pistoni kiganjani. Tundu lake lilipitisha kidole changu. Hakunigombeza. "Kamwambie kaka yako," alisema. "Usiniachie mimi nimwambie."

Nilikwenda, nikakiri yote, mafuta ya taa na onyo la Mzee Simbeye. Lusekelo alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umefungwa bendeji, mtoto amelala pajani pake. Akauliza neno moja tu: "Tumpe angekufa, ungeniambia?"

Swali hilo naendesha nalo hata leo, mwanangu.

Basi shika haya. Gari la zamani haliokolewi mafuta kwa kudanganywa. Litie petroli safi, safisha chujio la hewa, badili plagi zikichoka, jaza upepo matairi, punguza mzigo, na mlimani shusha gia mapema. Hapo ndipo mafuta yanapookolewa. Injini ikigonga, shusha mzigo, nenda kwa fundi siku hiyohiyo. Na ukiulizwa kuna nini, sema kweli kabla watu hawajapanda.

Mungu aitangulie njia yako, akupe sikio la kusikia mapema na ulimi usioona haya kukiri. Kila unayempakia, umshushe mzima mlangoni kwao. Amina.