Nilifunga mashine ya kukatia chuma chumbani, bomba la mita sita likagoma kuingia

Wakuu, nawasalimu kutoka Buhare, Musoma.

Humu huwa nasoma tu, sichangii. Leo nimejikaza. Ninayosema yote yametokea na mashahidi ninao wawili, ila msiniombe niwalete pamoja. Hao hawakai chumba kimoja. Mtaelewa mbele.

Naandika polepole na shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mwenye haraka asubiri wenzake wamsimulie.

Kuchomelea nilijifunza Bunda, kwa fundi mmoja mwenye karakana kando ya barabara. Nimekaa naye miaka minne. Kazi naiweza. Shida yangu ni watu.

Mtu akisimama nyuma yangu kuangalia, mkono unatetemeka na mshono wa welding unapinda kama njia ya ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Na pale Bunda watu walikuwaga hawaishi. Anayesubiri gari anakuangalia, anayekula muwa anakuangalia, hata mbuzi. Mwisho fundi akawa ananigeuza niangalie ukuta ndipo nifanye kazi.

Mwaka huu nikasema narudi nyumbani nijitegemee. Nikapata mashine ya kukatia chuma, cut off, iliyotumika lakini nzima. Kwa wasioijua, ina diski kubwa kama sahani ya ugali wa watu wawili, ina mkono wa kushusha, na mbele ina jiriwa ya kubana chuma kisicheze. Unabana, unashusha, kinakatika.

Kila fundi ninayemjua anaifunga nje, chini ya bati, mbele ya karakana.

Mimi nikaifunga chumbani.

Kwa mama kuna chumba cha nyuma kilichokuwa cha kuwekea mahindi. Mlango mmoja, kidirisha juu kabisa, hakuna anayeona ndani. Nilipokiona tu nikajua hapo ndipo nitafanya kazi kwa amani.

Niliandaa wiki nzima, na niseme ukweli, niliandaa vizuri. Nilivuta waya mnene kutoka kwenye mita, maana ukitumia mwembamba mashine ikianza kuzunguka taa za nyumba zinafifia na waya unachemka. Nikaiwekea breka yake ya umeme peke yake. Meza nikaitengeneza kwa chuma cha pembe, miguu nikaichimbia sakafuni, nikamwaga zege. Usawa nikaupima kwa chupa ya maji mpaka kiputo cha hewa kikatulia katikati. Upande wa cheche nikauelekeza ukutani, magunia nikayahamisha. Mashine nikaikaza kwa bolti nne, nikaweka skwea, nikasogeza jiriwa kidogo kidogo mpaka pembe ikakaa sawa kabisa.

Nikajaribu na vipande vya chakavu. Vikakatika kama sabuni.

Mama akachungulia mlangoni. Akasema kwa kelele hizo angalau panya wa mahindi watahama.

Mpaka hapo kuna mkuu ameshaliona kosa langu? Kama umeliona, nyamaza kwanza. Mimi nilikuwa natembea nimetunisha kifua kama mtu aliyeota gari.

Kazi ya kwanza ikaja. Mzee Wambura wa Butiama alikuwa anamwoza binti yake, na ng'ombe wa mahari walikuwa wanafika Jumamosi. Maisha yake yote zizi amelifunga kwa matawi ya miiba. Safari hii hakutaka wakwe waje na ng'ombe wazuri wakute mlango wa miiba. Alitaka geti la chuma, upana mita tatu. Mabomba alinunua mwenyewe, yale ya pembe nne, square pipe. Jumatano pickup ikayashusha kwetu, kumi na mawili.

Mzee alikuja nayo. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Kijana, Ijumaa jioni nisipolikuta geti, naenda kwa fundi wa mjini. Na huyo fundi nitamwambia nilianza kwako."

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kwa jina langu. Likishindikana hilo geti, kabla ya Jumapili Musoma yote inajua, na mimi narudi Bunda kuangalia ukuta.

Pickup ikaondoka. Nikabeba bomba la kwanza, nikaingia nalo chumbani.

Likagonga ukuta wa mbele. Nikageuka kuangalia nyuma. Nusu ya bomba ilikuwa bado uani, na kuku mmoja alikuwa ameshaisimamia.

Bomba lina mita sita. Chumba changu kina hatua nne. Na kwenye mashine chuma hakilali kuelekea mlangoni, kinalala ubavu kwa ubavu, na ubavuni kote ni ukuta mtupu. Nilijaribu kulilaza mshazari. Nilijaribu kuliingiza kwa kulisimamisha, nikatoboa dari.

Najua mtaniuliza. Kwa nini usikate kwanza kwa msumeno wa mkono huko nje? Nilikata moja. Lilikatika limeinama upande, na meno ya msumeno yakaisha hapo hapo. Kwa mwendo ule ningemaliza wiki inayofuata. Basi kwa nini usiitoe mashine nje? Zege. Lile zege lilikuwa limeshika vizuri mno. Mpaka leo ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya.

Alhamisi asubuhi akaja shemeji Magesa kutoka Kibara. Huyu amemwoa dada yangu, kazi yake ni kutengeneza mitumbwi, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu nimfahamu. Alikuwa ameleta samaki. Akanikuta nimekaa juu ya magunia, bomba nusu ndani nusu nje.

"Shemeji, meza ulipima?"

Nikamwambia nilipima.

"Ukuta?"

Nilipima.

"Na bomba?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye bomba.

"Kwa hiyo umejenga banda la ng'ombe kwa kumpima mbuzi," akasema. Akacheka mpaka akaegemea mlango.

Lakini akili anazo. Alipomaliza kucheka alisema dawa ni moja tu, tutoe tofali moja kwenye ukuta wa kulia, usawa wa jiriwa, bomba litokee huko. Sasa nyuma ya ukuta huo ndipo palipo na jiko la nje la mama.

Hapa niwaeleze wasiotoka huku. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anakata kona. Shemeji akija, yeye sebuleni, mama jikoni nje. Samaki ananipa mimi nimpelekee mama, na shukrani ya mama nairudisha mimi. Miaka sita, hata nilipokuwa Bunda nikija likizo, mimi ndiye barua yao.

Basi nikatumwa kuomba ruhusa ya tofali. Mama akauliza kama litarudishwa. Nikasema litarudi. Halijarudi.

Tukatoboa. Bomba nikaliingiza kutokea jikoni, likapita vizuri, likabaki limetokeza kwa mama karibu mita nne. Na hapo likainama.

Mafundi mnajua. Bomba lisiposhikiliwa mwisho linalala, linaibana diski, na diski ikipasuka haichagui uso. Nilihitaji mtu ndani wa kuvuta bomba mpaka kwenye alama, na mtu nje wa kulishikilia lisilale. Ningeita majirani, lakini jirani akija kushika anakuja na wengine kuangalia. Nje alikuwepo mama tu, na mwiko mkononi.

Nikamweleza. Akaweka mwiko chini, akafunga kanga kiunoni, akashika bomba.

Tukaanza. Mama nje, shemeji ndani, mimi kwenye mashine.

"Mwambie mama asukume kidogo," anasema shemeji.

Natoa kichwa mlangoni, nazunguka, namwambia mama.

"Mwambie mkwe wangu asivute kama anavuta nyavu," anasema mama.

Narudi, namwambia shemeji. Mabomba mawili tu na nilikuwa nimetembea kuliko kutoka Buhare mpaka Mwisenge. Mimi nisiyependa kuongea, siku hiyo niliongea maneno ya mwezi.

Bomba la nne nikachoka, nikabaki kwenye mashine. Nilikuwa nimevaa miwani na kuziba masikio kwa pamba. Nashusha, linakatika, nafungua jiriwa, na bomba linasogea lenyewe mpaka kwenye alama. Nabana, nashusha. Linasogea tena. Na mimi sikuwa nimebeba ujumbe wowote.

Nikazima mashine, nikatoa pamba.

"Mama, sogeza kidole kimoja," shemeji alikuwa anaongea kwenye tundu la tofali.

"Kidole cha nani?"

"Chako, mama."

"Sema hivyo basi. Kidole chako wewe ni robo ya bomba."

Shemeji akacheka. Kutoka upande wa pili nikasikia na mama anacheka, kwa sauti, siyo kile kicheko cha kuziba mdomo kwa kanga. Hawaonani. Kati yao kuna ukuta na bomba. Miaka sita sijawahi kuwasikia wakiongea bila mimi katikati.

Nikarudisha pamba masikioni, nikabana bomba lililofuata. Hiyo ni kazi ninayoiweza.

Kipande kimoja kilitoka kifupi kwa sababu walikuwa wanabishana kama sato wa Kibara ni watamu kuliko wa Musoma. Nilikitumia ndani ya geti, katikati, hakionekani. Mzee Wambura akisoma humu anisamehe.

Alhamisi jioni vipande vyote vilikuwa vimelala uani. Nikadhani shida zimekwisha.

Ijumaa asubuhi nikaanza kuvibeba kurudi chumbani nikavichomelee. Shemeji, aliyelala kwa rafiki yake mtaani, akafika, akasimama akaniangalia. Akauliza kwa upole sana kama geti la mita tatu nikishaliunga litatokea mlango upi.

Wakuu, nilivirudisha uani kimoja kimoja.

Ina maana nichomelee nje. Mwanga wa welding unaonekana Buhare yote. Haikupita muda bodaboda wawili wakazima pikipiki, akina mama wenye ndoo wakasimama, watoto wakajaa. Nikashika kishikio. Mkono ukaanza. Mshono wa kwanza ulikuwa aibu, niliufuta kwa grenda.

Shemeji alikuwa na nia njema, alijaribu kuwahutubia, wakaongezeka.

Mama ndiye aliyeniokoa. Alitoka jikoni kwa kuzunguka, akapita mbali na mkwe wake, akasimama mbele ya watu. Hakuwafukuza. Aliwaambia, "Huo mwanga unatia mchanga machoni, usiku hamtalala. Anayetaka kubaki abaki, ila ageuke."

Na wakageuka. Watu kama kumi na tano wamesimama uani kwetu wamenipa mgongo, wanasikiliza. Hakuna aliyeondoka, watu wa hapa hawaondoki. Bodaboda mmoja alikuwa anatangaza kwa sauti, sasa anachoma, sasa anagonga, sasa amepumzika.

Nilichomelea geti zima. Mahali fulani katikati mkono uliacha kutetemeka, sikumbuki ni wapi. Saa kumi nililigonga kona ya mwisho, likalia vizuri.

Jioni tukalipeleka Butiama kwa pickup, tukalisimamisha kwenye nguzo zilizokuwa zimeshachimbiwa. Mzee Wambura alilifungua, akalifunga. Akalifungua tena. Akapitisha kidole kwenye kona zote nne. Akauliza nani alikata, kwa sababu kona zimekaa sawa.

Nikamwambia nimekata na mama yangu na mkwe wake.

Akanitazama vibaya. "Chumba kimoja?"

"Hapana, mzee. Katikati kulikuwa na ukuta."

"Ah," akasema. "Basi ni sawa." Akalifunga geti kwa heshima kama mtu anayefunga mlango wa kanisa.

Jumamosi ng'ombe waliingia kwa geti la chuma. Nilisimuliwa, mimi sikwenda, kulikuwa na watu wengi. Lakini Jumatatu akaja mmoja wa wale wakwe mpaka nyumbani, anataka lake. Mita nne.

Somo nililopata, wakuu, kabla hujafunga mashine ya kukata, usipime mashine. Pima chuma kirefu kuliko vyote utakavyokata, halafu angalia kama kina pa kulala kulia na kushoto. Na kabla ya kumwaga zege, subiri siku mbili. Halafu kazi ya chuma haifichiki. Ukiificha chumbani inatoboa ukuta yenyewe.

Sasa naomba ushauri wa mafundi. Kazi zimeanza kuja, na akili inaniambia nivunje zege, nihamishie mashine nje chini ya bati kama watu wengine, niweke na vigingi vya kushikilia bomba ili nisisumbue mtu.

Nimewauliza mashahidi wangu wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Shemeji amesema wazo ni zuri, ila ukuta ule usiguswe, na kwamba Alhamisi atapita tena kuona kama kuna bomba la kukata. Mama aliinuka akaenda jikoni kwake. Nilipomfuata nilimkuta amesogeza kigoda chake cha jikoni, amekiweka karibu na tundu.

Nihamishe, nisihamishe? Mwenye uzoefu aseme. Wa kucheka nao wanakaribishwa, mkicheka kwa maandishi sitetemeki.