Mgonjwa Aliyetoka Maji

Namshukuru Mungu kwamba hakufa mtu, ila mimi kwa aibu.

Nafundisha wanafunzi wa uuguzi walio kwenye zahanati za mlimani. Hufanya mazoezi huko, hunieleza kwa simu ya upepo, nami huwasahihisha kutoka Moshi bila kuwaona.

Juzi aliita mmoja wao, Rozalia. "Shikamoo, Mwalimu. Nashona jeraha, lakini kila nikichoma sindano yanatoka maji."

"Maji? Na damu?"

"Damu hakuna kabisa."

Nikapaza sauti: "Anapumua?"

Simu ikakoroma, ikakatika.

Nilimkimbilia Paroko, padri wetu. Akachukua mafuta matakatifu ya kupaka wagonjwa mahututi, tukapanda mlima kwa gari lake. Njia nzima nilisali rozari, nikijilaumu kwa kumwachia binti mdogo roho ya mtu.

Rozalia alitupokea akitabasamu, akatuingiza ndani. Mezani, juu ya shuka jeupe, lililazwa shina la mgomba, limeshonwa vizuri sana. Ndipo nilipokumbuka: mimi mwenyewe ndiye niliyewaagiza waanze kushona migomba kabla ya kugusa watu.

Paroko alifungua kichupa chake taratibu, akanigeukia.

"Haya, Mwalimu. Mgonjwa wako nimpake wapi?"