Sili za Magurudumu ya Nyuma

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Ukungu ulishuka alfajiri ukakaa mpaka saa nne, halafu ukaja upepo mkavu wa baridi, bila jua la maana.

Gari limeondoka leo. Naandika mambo yalivyokwenda tangu Jumatatu, ingawa sina hakika kama nayaona sawasawa, maana mwenye kosa akiandika huwa anajipunguzia. Nitajitahidi nisijipunguzie, na nisijiongezee pia.

Ni landrova ya baba, imenizidi umri. Nimeiendesha miaka kumi na moja, nikitoa mahindi na maharage ya watu hapa Maretadu kupeleka Dongobesh, na wagonjwa pale pikipiki inaposhindwa. Sina kazi nyingine ninayoijua. Shamba kaka zangu wanalilima vizuri kuliko mimi, na hilo ni kweli tu, sijishushi.

Tangu masika sili za magurudumu ya nyuma zilikuwa zimekufa. Sili ni ile pete inayozuia oili isitoke kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Ikifa, oili inaingia kwenye breki, na ukikanyaga pedeli gari linaendelea na safari kama halijakusikia. Kwenye miteremko mke wangu alikuwa anakaa mlangoni na jiwe mapajani, tayari kuruka akaliweke mbele ya tairi. Jumatatu baba akasema inatosha. Kuna mtu wa Katesh anayenunua magari mabovu na kuyakata spea, angepita Jumamosi.

"Akilikuta halivuji, litabaki," baba alisema. "Akilikuta linavuja, aondoke nalo. Siwezi kuzika mtu kwa sababu ya gari."

Alikuwa na haki.

Jumanne nikashuka Katesh kwa mama mmoja wa Kiislamu anayeuza spea tangu mumewe akiwa hai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Landrova bado inatembea, au mnaisukuma?"

"Inatembea, mama. Kusimama ndiyo shida."

Alicheka mpaka akashika meza. Akatoa sili mbili, akazigeuza kwenye mwanga, akazirudisha mwenyewe. "Hizi zimekaa sana, mpira umeanza kupasuka. Usichukue." Akapanda ngazi akatafuta nyingine. "Pakaa oili kidogo kwa kidole, basi. Mpira hautaki mambo mengi."

Naandika maneno yake yote kwa sababu ya yaliyofuata.

Jioni nilimkuta baba jikoni, karibu na moto. Ujanani alikuwa fundi kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, na sili za enzi hizo zilikuwa za ngozi. Sasa macho yake yana ukungu. Nyumba nzima tunajua, na hakuna anayelitaja. Mtu akimwekea kikombe, anakigonga kidogo mezani ili asikie kilipo.

Nikampa sili mkononi. Akazipapasa kwa vidole vyake vigumu. "Ngozi ya siku hizi nyembamba," akasema. "Yeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, yakichemka uzitumbukize, zilale humo mpaka asubuhi. Zikinyonya, hazivuji miaka mitano."

Mke wangu aliacha kukoroga sufuria akaniangalia. Nilijua ni mpira. Ningeweza kusema, "Baba, hizi si za ngozi." Maneno matano tu. Lakini kuyasema ni kumwambia kwamba haoni, tena kwenye kazi aliyonifundisha yeye. Nikasema, "Sawa baba." Nikajidanganya kwamba labda mafuta hayatadhuru, nikazitumbukiza.

Asubuhi zilikuwa zimelegea, mdomo wa ndani umejikunja kama sikio la mbwa. Nilizifunga hivyo hivyo, kwa sababu hazikuwepo nyingine. Nilivuta ekseli, nikalegeza nati za habu kwa patasi na nyundo kwa kuwa spana yake hatuna, nikaosha beringi kwa mafuta ya taa, nikasugua viatu vya breki kwa msasa, nikagongea sili kwa kipande cha mti zikae sawa. Kazi yenyewe niliifanya vizuri. Nadhani niliifanya vizuri.

Ijumaa nikaenda mpaka njia ya Endagikot na kurudi. Nilipoinama, ndani ya ringi zote mbili palikuwa na mstari mweusi unaong'aa. Nikakaa chini pale pale.

Leo mnunuzi alifika na lori lake na mnyororo. Akachungulia chini, akatoka na kidole cheusi.

"Mzee, gari lako linakojoa kuliko mimi mwenye sukari!"

"Basi mtafutane dawa moja," baba akamjibu, nao wakacheka. Kisha baba akasema kwa sauti ambayo hata majirani waliokuja kutazama waliisikia: "Yule mama wa Katesh katuuzia feki. Hili si kosa la kijana. Kijana nampa wiki moja, akarudishe takataka zake apewe nyingine."

Wiki moja. Nilikuwa nimepewa. Ningenyamaza tu, ingekuwa yangu. Sitasema sikuitamani. Nikamkumbuka yule mama akipanda ngazi.

"Baba," nikasema, "sili zilikuwa nzima. Ni mimi niliziunguza. Niliacha mafuta yakachemka sana."

Baba aligeuza uso upande niliko, lakini si hasa nilipo.

"Kuloweka sili tu," akasema taratibu. "Miaka kumi na moja nimekuachia gari, na kuloweka sili tu hujui."

Nilichosema si kweli yote. Ni kweli ya kumtosha yule mama, na ya kumwachia baba macho yake. Kama nilipaswa kusema yote, sijui. Labda Jumanne jikoni ndipo palikuwa pa kusema, na hofu yangu nimeipa jina la heshima. Nimelifikiria hili mchana kutwa na sijaona pa kushikilia.

Baba alimwambia mnunuzi afunge mnyororo. Mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani likivutwa hadi barabarani, kwa sababu lilihitaji mtu wa kulinyoosha. Kisha nikashuka, nikarudi kwa miguu. Mke wangu alikuja kunipokea getini. "Kesho utafanya nini, baba watoto?" Nikasema sijui.

Jioni tumeandaliwa ugali wa mahindi mapya na mboga ya mnafu. Baba aliongezewa maziwa mgando, akamaliza yote, akaomba maji ya kunawa. Mimi sahani yangu nilimpa mke wangu aifunike, sijaigusa.